Kumleta mnyama Nairobi: lori la mbali, mnada wa karibu, au achinjwe hukohuko?

Paja lilikuwa zuri kwa nje, jekundu, lina mafuta kidogo upande wa juu. Nililiweka kwenye gogo, nikapitisha kisu kando ya mfupa, na huko ndani karibu na nyonga nikakutana na doa jeusi, pana kama kiganja changu, limeganda mithili ya ini. Nikakata pembeni yake, doa likaendelea. Nikakata tena. Nilipomaliza, karibu robo ya paja ilikuwa kwenye ndoo ya kutupwa. Kijana aliyeniletea mbuzi huyo alfajiri alikuwa bado amesimama mlangoni akingoja pesa. Akaitazama ndoo, akasema kwa sauti ya chini: "Mama, huyo alilaliwa."

Alilaliwa. Yaani aliteleza ndani ya lori usiku, akaanguka, wenzake wakamkanyaga na kumlalia, na gari halikusimama. Doa la namna ile haliji baada ya mnyama kuchinjwa, maana damu huvilia wakati moyo ungali unapiga. Nyama yote niliyoitupa asubuhi ile ilikuwa imemuuma mwenyewe akiwa hai, na barabara ilikuwa ndefu.

Nina bucha ndogo mtaani Umoja, Nairobi, huu ni mwaka wa tisa. Desemba ikikaribia, au Idi, au mtu akiwa na ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, watu huja kuniuliza wanunue mbuzi wapi. Karibu wote huulizia bei. Siku hizi nami huwarudishia swali: utamleta na nini, na atakaa njiani saa ngapi? Njia hizi nimezitumia karibu zote, kwa hiyo nazilinganisha hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kununua mnyama mmoja wa sherehe, na kwa wenzangu wa bucha na hoteli wanaonunua kila wiki.

Lori la kaskazini au mnada wa karibu

Mbuzi wengi wanaochinjwa Kiamaiko, soko na machinjio ya mbuzi hapa Nairobi, hutoka kaskazini: Isiolo, Marsabit, Moyale, na wengine Garissa na Wajir. Ni mbuzi wazuri, wenye mwili, na nyama yao watu wa Nairobi wameizoea. Kutoka Isiolo hadi hapa ni kilomita zipatazo 280. Kutoka Moyale ni karibu 780. Lami iliyounganisha Isiolo na Moyale imewapunguzia wanyama mateso mengi, kwani zamani lori lilikuwa likiruka mashimo na kumeza vumbi kwa siku nzima na zaidi. Lakini hata kwenye lami, dereva akienda kilomita 50 kwa saa bila kusimama popote, Moyale ni zaidi ya saa 15. Na kusimama atasimama: chai, pancha, kizuizi cha polisi, foleni ya Thika Road. Muda huo wote mbuzi yuko juu ya miguu yake, na kila kona akijishikilia asianguke.

Ili tuwe na kipimo, tuchukue kanuni ya Umoja wa Ulaya, namba 1 ya mwaka 2005. Kwa gari la kawaida wameweka saa 8, basi. Gari likiwa na vifaa vya ziada, vikiwemo vya kunywesha maji, ng'ombe, kondoo na mbuzi wanaruhusiwa saa 14, kisha wapumzike angalau saa moja wanyweshwe, ndipo waendelee kwa saa 14 nyingine. Watetezi wa wanyama kule Ulaya wenyewe hulalamika kwamba muda huo umezidi. Sasa pima safari zetu. Isiolo inaingia ndani ya saa 8, ikiwa dereva hatazembea. Moyale haiingii hata kwenye zile 14. Na lori zetu, nyingi nilizoziona zikishusha, hazina hata ndoo ya maji.

Upande wa pili kuna minada ya karibu: Bissil kule Kajiado, Emali kwenye barabara ya Mombasa, Suswa kwenye barabara ya Narok. Mnyama aliyepandishwa Bissil asubuhi anaweza kushuka Nairobi kabla ya adhuhuri. Bei ya kichwa pengine itakuwa juu kidogo, na kuna siku utamkuta mbuzi mdogo kuliko uliyemtaka. Watu wengi huishia hapo wakasema mbali ni rahisi. Hesabu haiishii hapo.

Ng'ombe akisafiri mbali hupungua. Inajulikana kwamba anaweza kupoteza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, kwa hiyo wa kilo 300 anashuka akiwa na upungufu wa kilo 15 hadi 30. Mwanzoni kinachotoka ni maji na kinyesi, lakini safari ikirefuka mwili huanza kujila wenyewe. Ukinunua kwa kichwa kule na kuuza kwa kilo huku, kilo hizo zimebaki barabarani na umezilipia.

Kuna jambo jingine ambalo nilichukua miaka kulielewa. Mara nyingine unapokea nyama nyeusi-nyeusi, kavu, inayonata vidoleni kama ulishika gundi. Mteja anadhani ni ya fahali mzee, au umemuuzia ya juzi. Siyo. Misuli ya mnyama aliye hai ina akiba ya sukari. Akichinjwa akiwa ametulia, sukari hiyo hugeuka asidi, na nyama ambayo pH yake (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ilikuwa karibu 7 hushuka taratibu hadi kama 5.5 kwa muda wa siku moja. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama rangi nzuri na kuifanya ikae. Mnyama aliyehangaika usiku kucha, akapigwa, akapigana na mafahali asiowajua, ameimaliza sukari yake njiani. Hakuna kitakachogeuka asidi, pH inabaki juu ya 6, na nyama inaharibika upesi hata ukiiweka kwenye friji. Mateso ya mnyama yanaonekana kwenye bucha, na mwenye macho anayaona.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, kwa mnyama aliye hai, mimi nachagua mnada wa karibu. Isiolo naikubali ikiwa najua lori na namjua dereva. Moyale na Marsabit kwa safari moja bila kushusha wanyama wakapumzika, hapana. Najua wafugaji wa kaskazini wanaitegemea Nairobi, na mfugaji aliyelea mbuzi kwenye ukame hastahili kususiwa. Kwa ajili yake iko njia nyingine, nitaifikia.

Canter, pikapu na ile Probox

Umbali ni nusu tu ya habari. Nimeona mbuzi wa kutoka Kajiado wakifika hali mbaya kuliko wa Isiolo, kwa sababu ya gari.

Anza na nafasi. Vipimo vya Ulaya humpa mbuzi wa kilo 35 hadi 55 kati ya mita za mraba 0.30 na 0.40, na ng'ombe wa kilo 325 kati ya 0.95 na 1.30. Canter yenye bodi ya urefu wa mita 4 na upana wa 2 ina mita za mraba 8. Basi hapo ni mbuzi 20 hadi 26, au ng'ombe 6 hadi 8. Mbuzi wetu wengi ni wadogo kuliko hao, wa kilo 25 au 30, kwa hiyo wataongezeka kidogo. Lakini hawawezi kuwa 60. Na usidhani kuwaacha wachache mno ndiyo huruma: kwenye bodi pana, mbuzi watano watarushwa huku na huku kila breki ikikanyagwa. Wakiwa wachache, wawekewe ubao katikati wakae upande mmoja.

Pili, sakafu. Bati tupu lililolowa mkojo huteleza kama sabuni. Mchanga, maranda au nyasi kavu za kutosha hubadilisha safari nzima, na gharama yake ni ndogo hata kwa mtu wa mbuzi mmoja. Ukiniuliza jambo moja tu la kumdai dereva, nitakutajia hili. Yule mbuzi aliyelaliwa hakuanguka kwa udhaifu, aliteleza.

Pikapu ni nzuri kwa mbuzi wawili hadi sita hivi, ikiwa ina kingo za juu za mbao au vyuma na upepo unapita. Tatizo lake ni kuwafunga. Watu huwafunga miguu yote minne na kuwalaza ubavu, eti wametulia. Mbuzi, kondoo na ng'ombe ni wacheuaji, tumbo lao hutengeneza gesi kila wakati na lazima waitoe kwa kubeua. Akilazwa ubavu, maji ya tumbo huziba njia ya gesi, tumbo likafura, likasukuma mapafu. Ule utulivu unaouona ni wa mnyama anayekosa pumzi. Akisimama huru ndani ya kingo, au akafungwa kamba fupi ya shingoni yenye fundo lisilokaza, anafika akiwa anatafuna cheua.

Probox sasa. Nairobi nzima tumezoea kuona kwato zikichungulia kwenye buti. Hakuna hewa, kuna joto, mnyama amekunjwa, na mara nyingi juu yake kuna gunia la makaa au viazi. Sijui niseme vipi kwa upole: usimtie mnyama kwenye buti. Kama huna gari jingine, mwache huko, umlipe mtu amchinje kwenye kichinjio chenye mkaguzi, uibebe nyama.

Kupandisha na kushusha ndiko kunakovunja miguu. Ukifika mahali hakuna daraja la kupandishia, tafuta mwinuko wa udongo, rudisha gari nyuma hadi bodi ilingane nao. Kumvuta mbuzi kwa sikio au pembe, kumzungusha ng'ombe mkia hadi uvunjike, kumchoma kwa fimbo yenye msumari, haya yote nimeyaona kwa macho yangu, na hakuna hata moja linaloharakisha kazi. Mnyama huogopa kivuli, mng'aro wa maji sakafuni, koti linaloning'inia. Ondoa kile anachokiogopa, mpe dakika mbili anuse, atapanda.

Na kuna asiyepaswa kupanda kabisa: mgonjwa, anayechechemea, kipofu, aliyezaa majuzi, na mwenye mimba iliyobakiza sehemu moja tu ya kumi ya muda wake. Kwa mbuzi, anayebeba siku 150, hiyo ni wiki mbili za mwisho. Kwa ng'ombe ni kama mwezi mmoja. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limewataja hivyo katika miongozo yake ya usafiri, lakini wazee wetu wafugaji hawakuhitaji kuambiwa.

Kwa miguu

Ng'ombe bado hutembezwa. Wakitoka Kiserian au Ngong asubuhi, wakaenda mwendo wao huku wakilisha kandokando, wanafika wakiwa na afya kuliko waliobanwa kwenye bodi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa enzi zote. Shida ni kwamba nyasi za kandokando zimekwisha, zimejengwa, na barabara za kuingia mjini zimejaa magari. Ng'ombe aliyegongwa kwenye giza ni msiba kwa mwenye ng'ombe na kwa dereva. Kwa umbali mfupi, mchana, na wachungaji wawili wanaojua kazi, ni njia nzuri. Zaidi ya hapo, hapana.

Achinjwe hukohuko, isafiri nyama

Hii ndiyo njia ninayotaka msomaji aitazame kwa makini, hasa mwenzangu mwenye bucha.

Kila wiki mbuzi na kondoo wa Kenya huenda Dubai na nchi nyingine za Uarabuni. Wengi wao hawaendi wakiwa hai. Huchinjwa hapa, hupozwa, huingizwa kwenye ndege pale uwanja wa JKIA, Nairobi, na mlaji wa kule hupata nyama safi. Kama nyama ya mbuzi wetu inaweza kuvuka bahari ikiwa baridi na ikafika salama, ni kwa nini mbuzi aliyezaliwa Marsabit aje kwetu akiwa hai, usiku kucha, amesimama juu ya mwenzake?

Linganisha mizigo yenyewe. Mbuzi wa kilo 30 akichinjwa na kusafishwa hutoa mzoga wa kilo 13 hadi 15. Kwenye gari lile lile la mbuzi 26 unaweza kutundika mizoga mingi zaidi, nayo haianguki, haikanyagani, haipungui uzito kwa hofu. Mnyama amesafiri kutoka zizini hadi kichinjio cha karibu, saa moja au mbili, pengine kwa miguu yake mwenyewe. Na ngozi, kazi na mshahara wa mchinjaji vinabaki kwa watu wa kule. Mfugaji wa Isiolo hajapoteza soko, amelisogeza karibu na boma lake.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Nyama inataka baridi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kilomita 280 bila gari lenye friji ni hasara. Kasha la bati la kubebea nyama ndani ya mji halitoshi kwa safari ya Isiolo. Kisha kuna matumbo, kichwa na miguu. Nairobi bila supu ya kichwa na bila mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, si Nairobi, na vitu hivyo huharibika haraka kuliko nyama. Wauzaji wa mutura wa mtaani kwangu wanategemea vichinjio vya mjini, na siwezi kuwaambia watafute kazi nyingine. Na wapo wateja ambao hawaamini nyama ambayo hawakumwona mnyama wake.

Mimi nimeanza na hatua ya katikati. Ng'ombe sinunui tena wakiwa hai. Nachukua mizoga ya wanyama waliochinjwa Kiserian, kule kwenye kichinjio cha Keekonyokie kinachojulikana pia kwa kutengeneza gesi kutokana na kinyesi na taka za machinjioni. Ng'ombe wengi wanaofika pale wametoka Umaasaini, umbali wa karibu. Nyama inakuja na muhuri wa mkaguzi, kwenye gari lenye kasha lililofungwa, na kabla jua halijachoma iko kwangu. Tangu nianze, nyama nyeusi ya kunata nimeipata mara mbili tu. Zamani ilikuwa karibu kila wiki.

Kwa wenye ng'ombe wengi wa kutoka mbali, kuna pia Tume ya Nyama ya Kenya pale Athi River, iliyoanzishwa mwaka 1950. Faida yake kwa mnyama ni ya kijiografia: ng'ombe anayekuja kwa barabara ya Mombasa au ya Namanga anashuka kabla ya kuingia kwenye foleni ya jiji.

Kuku: bodaboda au kreti

Kuku tunawasahau kwa sababu ni wadogo na ni wengi. Mwaka jana, kwenye taa za barabara ya Outer Ring, bodaboda ilisimama kando ya matatu niliyopanda. Kuku walikuwa wamefungwa miguu mitano-mitano, wananing'inia pande zote mbili vichwa chini. Mmoja aliyekuwa karibu na ekzosi alikuwa akijikunja kuinua kichwa, anashindwa, anapumzika, anajaribu tena. Mdomo ulikuwa wazi muda wote. Taa ikawaka kijani.

Kuku hana kiwambo cha kutenganisha kifua na tumbo kama tulicho nacho sisi. Akining'inizwa kichwa chini, matumbo huangukia sehemu za kupumulia. Hatoki jasho, hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na hapo alipo hewa haimtoshi. Viungo vya miguu vinabeba uzito wote wa mwili kwa kuvutwa. Kuku wa broila, ambao ni wazito na mifupa yao ni michanga, huvunjika hapo hapo.

Kreti ya plastiki yenye matundu ni kitu cha kununua mara moja ukakitumia miaka. Kipimo cha Ulaya kwa kuku wa kilo 2 ni sentimita za mraba 160 kwa kila kilo, yaani 320 kwa kuku mmoja. Kreti ya sentimita 75 kwa 55 basi ni ya kuku 12, na siku ya joto kali mimi huweka 10. Isiwe ndefu sana kwenda juu wakarukiana, wala fupi wakashindwa kuinua kichwa wakiwa wameketi. Asiye na kreti atumie tenga la zamani, lile la kusukwa. Bibi zetu waliwabebea kuku ndani yake, na wakafika sokoni wakiwa wanataga.

Je, bodaboda haifai kabisa? Inafaa. Kreti mbili zilizofungwa vizuri juu ya keria, safari ya nusu saa kutoka soko la Burma hadi mtaa wa Buruburu, asubuhi kabla ya jua kali, hiyo ni sawa. Lawama ni ya kamba miguuni. Dereva wa bodaboda naye si adui: anabeba alichopewa, kwa namna alivyopewa. Mwenye hoteli akisema "sipokei kuku wa kuning'inia," kesho yake watakuja kwenye kreti. Mimi nilisema, nao walikuja.

Kuku wa kienyeji wanaotoka magharibi, Kakamega na Bungoma, huja kwa basi la usiku. Kwenye keria ya juu, Limuru saa tisa usiku, upepo wa pale huua kuku aliyelowa. Wakiwekwa kwenye sehemu ya mizigo ya chini, joto na kukosa hewa huwaua pia. Turubai lililofunika juu na mbele, pembeni pakiachwa wazi, ndilo linalowafikisha. Anayeweza, anunue kuku wa kienyeji wa Machakos au Kiambu.

Nguruwe, kwa kifupi, maana siuzi: hana jasho la kumsaidia, na joto ndilo linalomuua njiani. Wanaowapeleka kwenye kichinjio cha Ndumbuini kule Kabete wasafiri alfajiri, wammwagie maji kabla ya kuondoka, wasichanganye nguruwe wa mazizi tofauti. Ngamia anayeletwa kwa walaji wa Eastleigh naye hupigishwa magoti na kufungwa ili asisimame gari likienda, jambo lenye maana kwa usalama wake, lakini miguu ikifungwa hivyo kutwa nzima bila kulegezwa, damu haipiti vizuri. Asimamishwe njiani.

Karatasi na sheria

Hakuna mnyama anayepaswa kuhamishwa bila kibali cha afisa wa mifugo wa pale anapotoka. Hiyo iko chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364. Watu huiona kama usumbufu, lakini kwa mnyama kibali ni kinga: aliyekaguliwa hapandishwi akiwa mgonjwa, na lori lenye karatasi haliogopi kusimama kunywesha maji. Lisilo na karatasi hupita njia za panya, usiku, bila kupumzika. Mwombe dalali akuonyeshe kibali kabla hujatoa pesa. Kukiwa na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, usinunue ng'ombe, mbuzi wala kondoo wa eneo hilo hata ukipunguziwa bei nusu.

Kumbeba mnyama kwa namna inayomtesa bila sababu ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Ukiona lori lenye wanyama walioangukiana, andika namba ya gari, mahali na saa, uwape polisi au KSPCA, chama cha kutunza wanyama kilichoko Karen.

Basi nichague nini?

Kama ni mbuzi wa ruracio, ambaye lazima aonekane akiwa hai, mnunue karibu, mpandishe asubuhi kwenye pikapu yenye kingo na mchanga, mtafutie mwenzake mmoja wa kusafiri naye kwa sababu mbuzi peke yake hupata hofu. Akifika, kivuli na maji kwanza. Wageni watamwona akiwa amesimama wima, na hiyo nayo ni heshima kwa ukoo unaoupelekea.

Kama ni Idi, mnunue siku kadhaa mapema badala ya kungoja malori ya dakika ya mwisho, ambayo ndiyo hujazwa kupita kiasi. Akipumzika nyumbani siku mbili au tatu, akila na kunywa, sukari ya misuli inaanza kurudi. Na mteja wangu mmoja wa Eastleigh, mzee wa makamo, huwa hamleti kabisa: humtumia ndugu yake wa Isiolo pesa, anachinja kwa niaba yake baada ya sala, na nyama wanagawiwa maskini wa kule, ambao wanaihitaji kuliko sisi.

Kama una bucha au hoteli, hamia kwenye mizoga kwa ng'ombe, anza hata na nusu ya oda yako. Kwa mbuzi, shikana na mchuuzi mmoja, mweleze masharti yako, na ukipata doa la kuviliwa damu mwonyeshe, umkate bei. Mimi nilimwita yule kijana ndani, nikampa ile ndoo aishike. Tulielewana: mchanga sakafuni, ubao katikati ya bodi, utingo aketi nyuma akiwatazama, na atakayeanguka ainuliwe papo hapo. Namwongezea kidogo kwa kila mbuzi anayefika bila doa. Alhamisi iliyopita alileta wanane. Niliwapapasa mapaja mmoja mmoja wakiwa bado wamesimama uani kwangu wakinywa maji, na wote wanane walikuwa wazima.